"Ni Mtoto tu, Atasahau": Maneno Yanayotukera Wodi ya Watoto

Juzi bibi mmoja alimsindikiza mkwewe kumchanja mjukuu wa wiki sita. Mama alipotaka kumnyonyesha wakati wa sindano, bibi akamzuia: "Mwache, huyo bado hajui maumivu. Atalia kidogo, atasahau." Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata wahudumu wa afya wengine wanalisema.

Mtoto mchanga anasikia maumivu, tena sana, kwa kuwa njia za mwili za kuyatuliza bado hazijakomaa. Sisi madaktari wenyewe tulichelewa kulikubali hilo. Hadi miaka ya 1980, hata katika nchi tajiri, vichanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na nusukaputi isiyotosha. Mwaka 1987, daktari mtafiti K.J.S. Anand na wenzake kule Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata matatizo machache kuliko wenzao walionyimwa. Kuhusu "atasahau", mwaka 1997 mtafiti Anna Taddio na wenzake kule Toronto waliwafuatilia wavulana waliotahiriwa wakiwa wachanga. Walipochanjwa wakiwa na miezi minne hadi sita, waliumia zaidi kuliko ambao hawakutahiriwa. Akili haikukumbuka, lakini mwili ulikumbuka.

Na tiba yake ipo kifuani kwa mama! Mnyonyeshe kabla kidogo ya sindano, na aendelee kunyonya ikiingia. Aliyekwisha kuacha ziwa apakatwe akiwa ameketi, asigandamizwe kitandani chali. Zikiwa sindano mbili au tatu, inayouma zaidi ije mwisho. Haya yamo katika mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015, na hayahitaji mashine wala bajeti.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na "mama, toka nje tumalize kazi". Uingereza nako wazazi walifungiwa nje ya wodi, wakaruhusiwa kuona watoto wao kwa saa chache tu, mpaka ripoti ya kamati ya Platt kuhusu watoto walio hospitalini, ya mwaka 1959, iliposhauri waachwe waingie. Mtoto anayemwona mama yake hutulia, na mtoto aliyetulia hupatikana mshipa kwa urahisi. Mama, ukiambiwa utoke, omba kwa upole ubaki umemshika mkono. Nawe nyumbani acha kumwambia "usipokula daktari atakuchoma sindano". Ukishamtisha hivyo, hata kipimo cha kusikilizia kifua anakipigia kelele, nami nitayasikiaje mapafu?

Lingine ni nusu kidonge cha mtu mzima. Dozi ya mtoto hupigiwa hesabu kwa kilo zake, haikadiriwi kwa macho. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hapaswi kuzidi miligramu 120 kwa mara moja. Nusu ya kidonge cha 500 ni 250, zaidi ya maradufu. Dawa ya maji pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Halafu kuna imani ya degedege: eti mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hospitali anakufa. Hapana. Wengi tunaowapoteza hufika wamechelewa, malaria kali au homa ya uti wa mgongo ikiwa imeshashika ubongo. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize.

La mwisho ni hili la foleni: "wa kwangu hasumbui, amenyamaza, tangulieni." Anayelia kwa nguvu ana pumzi ya kulilia. Mimi humwogopa yule aliyelegea begani kwa mama, hanyonyi, hageuki hata akiitwa. Ukiwa naye, usikae kwenye benchi kungoja namba yako. Mwendee nesi wa mlangoni umwambie, "Mwanangu amelegea," atakupitisha mbele.