Je, wajua kwa nini albamu ya laivu ya bendi ya roki ya Deep Purple inaitwa Made in Japan wakati wao ni Waingereza?

Kumbe wazo lenyewe wala halikuwa lao. Agosti 1972 Deep Purple walikuwa wanaenda kupiga Japani kwa mara ya kwanza, sasa lebo yao ya kule ikataka irekodi shoo zile itoe albamu ya laivu ya kuuzwa Japani tu. Jamaa walikuwa hawazipendi albamu za laivu, ila wakakubali kwa masharti, fundi sauti wao Martin Birch aende nao ndo arekodi, na kanda wazipitie wenyewe kwanza. Zikarekodiwa shoo tatu, mbili Osaka tarehe 15 na 16, na ya tarehe 17 Tokyo pale ukumbi wa Budokan.

Waliposikiliza kanda wakakuta kitu kimetoka kizuri mno kubaki Japani peke yake. Desemba mwaka huohuo ikatoka Uingereza, santuri mbili, nyimbo saba tu!

Saba tu kwa sababu stejini hawa hawakuwa wanarudia wimbo kama ulivyo studio, walikuwa wanaufungua. Chukua Space Truckin', studio ni kama dakika nne na nusu hivi, hapa inakaribia 20, imekula upande mzima wa santuri. Na mle ndani Jon Lord anapiga ogani ya Hammond, ile unayoisikia makanisani, ila yeye kaipitisha kwenye amplifaya za Marshall za gitaa ndo maana inanguruma vile, mtu asiyejua anadhani ni gitaa la pili. Halafu kuna Strange Kind of Woman, Ritchie Blackmore anapiga kipande kwenye gitaa, Ian Gillan anakijibu kwa sauti, wanapandishana hivohivo mpaka Gillan anafika juu kabisa anapiga ukelele ambao mimi kila nikiusikia nywele zinasimama, na ule ni usiku mmoja tu Osaka, hakuna kurudia studio baadaye.

Ukisikiliza vizuri katikati ya nyimbo utamsikia Gillan anaongea na mtu wa mitambo, anaomba kila kitu kiwe na sauti kubwa kuliko kila kitu kingine. Kipande hicho hawakukikata, kimo mpaka leo.