Kibarua pia ana haki ya kujiunga na chama

Kuanzia mashamba ya maua ya Naivasha hadi ya miwa kule Muhoroni, ujumbe huu haukosi kurudi kwenye magrupu: kibarua haruhusiwi kujiunga na chama cha wafanyakazi, akijiunga anafutwa kihalali. Si kweli. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki hiyo kila mfanyakazi, si wa kudumu peke yake, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inakataza kumfuta mtu kwa sababu ya uanachama.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 humwita kibarua anayelipwa mwisho wa siku na asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wengi huishia hapo. Lakini sehemu ya 37 inasema siku mfululizo za kazi zikijumlika kufikia mwezi mmoja, mtu huyo hahesabiwi tena kuwa kibarua. Hata siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi huhesabiwa! Inaumiza kuona aliyepalilia shamba lilelile miaka mingi akiaminishwa hana lake.

Sheria hizi zipo mtandaoni bure, zisome. Andika siku zako daftarini, hifadhi meseji za malipo. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwonyeshe aliyekutumia Kifungu cha 41, kwa upole.