Kutekwa kwa dola: jina linalobebeshwa kila wizi

Ofisa ardhi akinaswa na bahasha, mtandaoni wanaandika dola imetekwa. Barabara ikipewa mkandarasi ambaye ni shemeji wa mkurugenzi, dola imetekwa. Tajiri akichangia kampeni za chama, imetekwa tena. Kwa mwendo huu dhana iliyotengenezwa ili kutaja ugonjwa mmoja mahususi imegeuka jina la kila homa, na ugonjwa wenyewe ukija hatutakuwa na pa kuuandika.

Maana yake ni fupi. Dola hutekwa pale wenye fedha, kwa malipo au manufaa ya siri kwa viongozi, wanapopata uwezo wa kuamua sheria iseme nini, nani ateuliwe, na taasisi ipi ifanye kazi yake au ilale.

Walioipa dhana hii umbo ni watafiti Joel Hellman, Geraint Jones na Daniel Kaufmann, katika andiko lililotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2000, wakitumia majibu ya makampuni katika nchi 22 zilizokuwa zinatoka kwenye ukomunisti. Walitenga mafungu matatu, na hapo ndipo wengi wetu tunapopita bila kusimama. La kwanza ni rushwa ya kiutawala: kampuni inamlipa ofisa ili kanuni iliyopo isiiguse, au ili karatasi zake zipite haraka. La pili ni kuteka: kampuni inalipa ili kanuni yenyewe iandikwe inavyotaka, iwe ni sheria ya bunge, amri ya rais, hukumu ya mahakama au waraka wa benki kuu. La tatu ni ushawishi, yaani kampuni inapata kanuni inayoitaka bila kutoa mlungula, kwa sababu ni kubwa, ni kongwe, au serikali ina hisa ndani yake. Watafiti hao waliona kwamba wenye ushawishi mara nyingi ni makampuni ya zamani yaliyo karibu na serikali, na watekaji ni wageni sokoni ambao hawakurithi ukaribu huo, wakaamua kuununua.

Fungu la kwanza na la pili yanachanganywa kila siku, ilhali yanafanya kazi kinyume. Rushwa inaiacha sheria mahali pake. Anayetoa anajua anavunja, anayepokea anajua, ndiyo maana pesa inapita chini ya meza, na sheria ileile inaweza kesho kuwafunga wote wawili. Dola ikishatekwa, mengi hupita juu ya meza: barua ya uteuzi ipo, muhtasari wa kikao cha bodi upo, saini zote zipo. Mtego wa noti zilizopigwa alama, ambao maofisa wa kuzuia rushwa huutumia kumnasa karani, hapa hauna wa kumnasa.

Tofauti nyingine iko kwenye mpangilio wa matukio, na hii ndiyo yenye faida kwa anayefuatilia habari. Kwenye rushwa ya kawaida zabuni hutangulia, kisha mzabuni anamtafuta ofisa wa kumhonga. Kwenye utekaji ofisa ndiye hutangulizwa: anawekwa kwenye kiti, kisha zabuni inatengenezwa kumfuata. Kwa hiyo ukitaka kujua kama dola imetekwa, anza na tarehe za uteuzi, hundi zifuate baadaye.

Afrika Kusini inaonyesha hili vizuri kuliko nchi yoyote, kwa sababu nyaraka zake ziko hadharani. Ripoti ya Thuli Madonsela, aliyoiandaa akiwa Mlinzi wa Umma, yaani mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali, ilitolewa Novemba 2016. Ikafuata tume ya Jaji Raymond Zondo, iliyoanza kusikiliza mashahidi Agosti 2018 na kutoa ripoti zake kwa awamu kati ya Januari na Juni 2022. Waliotajwa zaidi, Rais wa zamani Jacob Zuma na ndugu wa familia ya Gupta, wafanyabiashara waliokuwa karibu naye, wamekana kutenda kosa.

Chukua Transnet, shirika la reli na bandari. Desemba 2010 gazeti la akina Gupta, The New Age, liliandika kwamba Brian Molefe ndiye atakayeliongoza. Serikali ikamtangaza Februari 2011. Mwaka 2014 shirika likasaini mikataba ya kununua vichwa 1,064 vya treni. Makadirio ya awali yalikuwa randi bilioni 38.6, mikataba ikasainiwa kwa bilioni 54.5. Kwa vichwa 359 vilivyonunuliwa kutoka kampuni ya China ya CSR, kampuni iliyosajiliwa Hong Kong na yenye uhusiano na mshirika wa akina Gupta ilikuwa na makubaliano ya kulipwa asilimia 21 ya thamani ya mkataba kwa kazi ya “ushauri”. Mwaka 2015 Molefe alihamishiwa Eskom, shirika la umeme, na Anoj Singh, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Transnet, akamfuata huko. Asilimia 21 ni kubwa, sawa, lakini anayeishia hapo ameona wizi tu. Kilichofanya mambo yawezekane ni watu walewale kuhama pamoja kutoka shirika moja kwenda jingine.

Kisha kuna wale wenye kazi ya kusema hapana. Mcebisi Jonas, aliyekuwa naibu waziri wa fedha, alieleza kwamba Oktoba 2015 aliahidiwa uwaziri kamili na randi milioni 600, akakataa. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo waziri wake, Nhlanhla Nene, akaondolewa, na nafasi ikapewa Des van Rooyen. Randi iliporomoka kiasi kwamba siku nne baadaye van Rooyen naye aliondolewa, akarudishwa Pravin Gordhan. Kwenye mamlaka ya mapato, SARS, kazi ilifanywa taratibu zaidi. Tom Moyane aliteuliwa kamishna mwaka 2014. Kampuni ya ushauri ya Bain ikaletwa kupanga upya muundo, na kitengo kinachoshughulikia walipakodi wakubwa kikavunjwavunjwa. Tume ya Jaji Robert Nugent ilichunguza hayo mwaka 2018 na kuona kwamba Bain ilikuwa imeanza kujipanga na Moyane kabla hajakalia kiti. Tazama pia kilichoguswa: kupanga upya idara si kosa la jinai popote. Mtu angeweza kuvunja kitengo kizima bila kupokea hata senti mbele ya kamera.

Ndiyo maana kesi zake ni ngumu. Hata huko hakukuwa na kosa kwenye vitabu vya sheria linaloitwa kuteka dola; waendesha mashtaka walilazimika kulikatakata liwe utapeli, rushwa, utakatishaji fedha, kila kipande na ushahidi wake. Atul na Rajesh Gupta walikamatwa Dubai Juni 2022, na mwaka uliofuata mahakama ya huko ikakataa kuwarejesha Afrika Kusini.

Kuna kosa jingine dogo la kurekebisha. Tukisema “imetekwa” tunamchora kiongozi kama mtu aliyefungwa kamba na matajiri. Katika nchi zile 22 picha hiyo ilikuwa na ukweli fulani. Kwa Afrika Kusini, na kwa sehemu kubwa ya Afrika, haitoshi: wanasiasa ndio wanaofungua mlango, na mara nyingi tajiri huyo hakuwa tajiri kabla ya kufunguliwa.

Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi na maana halisi ni kashfa ya Goldenberg ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sheria iliwapa wauzaji bidhaa nje fidia ya asilimia 20. Kampuni moja, Goldenberg International, ilipewa na serikali asilimia 35, pamoja na haki ya peke yake ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi yenye dhahabu kidogo na isiyochimba almasi. Uuzaji mwingi ulikuwa wa kwenye makaratasi, na huo ni utapeli wa kawaida. Zile asilimia 15 za nyongeza na ule ukiritimba ndizo sehemu iliyotekwa, maana hapo serikali ilibadilisha kanuni kwa ajili ya mteja mmoja.

Basi ofisa ardhi na bahasha yake aitwe mla rushwa. Mkurugenzi na shemeji yake wana upendeleo, na pengine mgongano wa maslahi. Mchango wa kampeni uliotangazwa ni ushawishi. Tuupinge kama tunataka, lakini kwa jina lake. Na anayeandika kwamba dola imetekwa atutajie taasisi gani, nani aliwekwa pale na lini, na kanuni ipi ilibadilika baada ya hapo.