Kishikwambi cha kusomea: kipime juani na gizani kabla hujalipa

Ukiingia duka la simu pale Mwanga, Kigoma, utatajiwa kwanza inchi na GB. Mimi nashauri uanze na mwangaza wa chini kabisa, maana macho huumia zaidi usiku, taa ikiwa imezimwa.

Kioo cha OLED kina weusi wa kweli kwa kuwa kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, hujiwakia yenyewe. Kwa filamu na picha hakina mpinzani. Lakini vingi hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzimika haraka, vingine mara 240 hivi kwa sekunde. Jicho halioni, ila wapo wanaoumwa kichwa kwa sababu hiyo. IPS, yaani vioo vya LCD vinavyomulikwa na taa ya nyuma, nyingi hupunguza tu umeme wa taa hiyo. Si zote, hasa za bei ya chini, kwa hiyo usiamini jina, pima. Shusha mwangaza hadi robo na ufungue ukurasa mweupe. Kwenye simu yako ingia kamera ya kuseti kwa mkono, weka shata (muda wa kupiga picha) sekunde 1/1000, pandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) picha ikiwa giza, kisha elekeza kiooni. Ukiona mistari minene myeusi, kinawaka na kuzimika mara chache kwa sekunde. Macho yako yakiwa mepesi kuchoka, kiache.

Kuhusu pikseli, usilipie kupita kiasi. Kwenye inchi 10.1, 1280×800 ni pikseli kama 149 kwa inchi na herufi ndogo huonekana zimechakaa kingo. 1920×1200 hufika 224, na kwa umbali wa sentimita 40 jicho la kawaida haliwezi kudai zaidi ya hapo.

Sasa toka nacho nje. Niti (kipimo cha mwangaza wa kioo) 400 zinatosha ndani. Ukikaa barazani Kibirizi mchana, tafuta 500 au zaidi. Kitazame kwa ubavu: picha ikionekana imezama chini ya kioo, kuna uwazi katikati, na uwazi huo huongeza mng'ao wa jua. Protekta isiyong'aa hupunguza mng'ao, ila sehemu nyeupe huwa kama zina chengachenga. Ibandike ukiwa msomaji, si mhariri wa picha.

Rangi ya manjano ya usiku iwashe, lakini haitibu macho makavu. Ukavu mara nyingi hutokana na kupepesa kidogo: pepesa mara kwa mara, na kupumzisha macho, kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 mbali kwa sekunde 20.