Mambo watu wanasema juu ya kazi yangu ya saiti, na vile iko kweli

Niko Lubumbashi, natengeneza saiti za intaneti, na nyumbani tunachanganya Kiswahili, Kifaransa, Kibemba na Kilingala kidogo ya muziki, Kingereza nilijifunzia ndani ya ma-eror (ujumbe wa makosa ya kompyuta). Watu wakisikia hivyo wanaanza maneno, wacha nijibu yale yananichosha.

"Ukijua luga mingi, kutafsiri saiti ni kazi ya jioni moja." Yaya (mkubwa wangu kwa umri) mmoja mwenye duka aliniambia, mudogo, si unabonyeza tu inageuka Kiswahili? Haya, shika neno moja, nouveau, yaani "-pya". Kifaransa wako na la kiume, la kike, wingi, imeisha. Sisi ujumbe ni mpya, faili ni jipya, kitabu kipya, vitabu vipya, watumiaji wapya, sasa mwenye programu amekutumia hilo neno peke yake, hajasema litabandikwa kwenye nini, utaandika gani? Gettext, chombo cha zamani cha kutafsiri programu huria (zile maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu), kina nafasi ya kueleza neno linakaa wapi, lakini wengi wanaiacha tupu, na hapo ndipo siku yangu inaishia, kumuandikia mtu nisiyemjua nikimuomba pole pole asikate sentensi vipande halafu aziunge na alama ya kujumlisha, maana kwetu kila kipande kinamuangalia mwenzake.

Halafu Kiswahili chenyewe si kimoja, hata kwenye orodha za kimataifa za luga yetu ya Kongo iko na alama yake, swc, kando ya sw ya jumla. Mimi kwenye miradi huria naandika sanifu nyepesi, "hakuna faili" badala ya "huna faili lolote", juu faili moja ya tafsiri inasomwa Mombasa na inasomwa Kalemie.

"Programu huria ni ya bure kwa hiyo kazi pia ni bure." Hii inaniuma. Leseni ya MIT, moja ya ruhusa za programu huria, inaruhusu hata kuuza, GPL, leseni nyingine, pia, ila kwa GPL uliyemuuzia lazima aweze kupata na kodi (ile inayoandikwa, si ya serikali). Mwaka 2019 IBM ililipa dola bilioni 34 kununua Red Hat, kampuni iliyosimama juu ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Mteja ananiambia WordPress, programu ya kujengea saiti, ni bure, unanidai nini? Papa, udongo wa kichuguu uko palepale kwenye parsele yako, lakini mwenye kufyatua matofali si unamlipa?

"Kodi iko wazi, wezi watapita." Kweli wanajaribu. Mwezi wa 3 mwaka 2024 ilionekana mtu ameficha mlango wa siri ndani ya xz, kiprogramu cha kubana mafaili kinachokaa kwenye Linux nyingi, na alikuwa amejenga uaminifu zaidi ya miaka miwili, polepole, kama mgeni anayeosha vyombo. Aliyemkamata ni Andres Freund, mmoja wa wanaotengeneza PostgreSQL, programu huria ya kutunza data, aliona kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde akafuata hadi ndani ya kodi. Nusu sekunde! Kwa intaneti yetu hii, nani angeshtuka?

"Bila Kingereza cha kuzaliwa nacho huwezi." Linus Torvalds, wa Linux 1991 na Git 2005 (chombo cha kutunza historia ya kodi), ni wa Ufini na luga ya kwao ni Kiswidi. Lua, luga ya kuandikia programu, ilitoka Rio de Janeiro, Brazili, 1993. Mimi kinachonitesa ni klaviye, zetu ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, kufungua bano la { ni AltGr na 4, kufunga ni AltGr na =, siku nzima vidole vinacheza rumba. Nikahamia QWERTY, mpangilio wa Kingereza ambamo Q inakaa pale kwetu inakaa A, wiki moja nikajiona mjanja, hadi mteja aliponipigia kuniuliza "fqcture" (nilitaka facture, ankara) ni luga gani.