Ebenezeri maana yake nini?

Nilipanda Hiace Kiboriloni asubuhi moja kwenda Moshi mjini. Kioo cha nyuma kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za njano: EBENEZERI HATA SASA. Nilipata siti ya pembeni ya mlango, konda akiwa amening'inia karibu yangu, nikamuuliza maana ya yale maandishi.

"Ebenezeri ni jina la mtoto wa tajiri, mama," akasema, huku anagonga bati ili dereva aondoke.

"Na hiyo 'hata sasa'?"

Akafikiri kidogo. "Yaani hata sasa hivi tupo barabarani. Hatulali."

Nilicheka mpaka abiria wakageuka. Lakini nikikumbuka idadi ya watu wanaoliimba neno hili kila Jumapili, sidhani kama konda yule yuko peke yake. Hapa Moshi Ebenezeri imeandikwa kwenye saluni, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye fulana za kwaya, na kila darasa halikosi mtoto anayeitwa Eben. Tumelizoea mno kiasi kwamba hatuliulizi tena.

Neno lenyewe ni la Kiebrania, na ni maneno mawili yaliyounganishwa. Eben ni jiwe. Ezeri ni msaada. Kwa hiyo Ebenezeri ni jiwe la msaada, basi. Hiyo ezeri ndiyo iliyomo katika jina la Eliezeri, mtoto wa Musa, ambaye jina lake maana yake ni Mungu ni msaada. Na ndiyo iliyomo katika Zaburi ya 121, ile tunayoipenda sana sisi tuliozaliwa chini ya mlima: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Nimesikia watu wazima wakiisoma kana kwamba mlima ndio unaotoa msaada. Pale pana alama ya kuuliza. Jibu liko mstari wa pili: msaada unatoka kwa Bwana aliyezifanya mbingu na nchi. Kilimanjaro imetupa maji ya mifereji na udongo mzuri wa kahawa, lakini mwimba zaburi anaupita mlima anakwenda kwa aliyeuumba.

Jiwe lenyewe liko katika 1 Samweli sura ya 7. Waisraeli wamekusanyika Mispa, wamefunga, wanaungama dhambi zao, na Wafilisti wanapata habari wanakuja kuwapiga wakiwa katika hali hiyohiyo ya kuomba. Samweli anatoa mwanakondoo anyonyaye kuwa sadaka, analia kwa Bwana, na Bwana anawapigia Wafilisti ngurumo kubwa hadi wanavurugika na kukimbia. Baada ya hapo Samweli anatwaa jiwe, analisimamisha kati ya Mispa na Sheni, analiita Ebenezeri, akisema: "Hata sasa Bwana ametusaidia."

Sasa turudi kwa konda na hiyo "hata sasa" yake. Biblia ya Muungano, iliyochapwa 1952, inatumia Kiswahili ambacho vijana wa leo hawakisikii masikioni mwao kama sisi tulivyokisikia. Katika Kiswahili hicho, "hata" mara nyingi ni "mpaka". Fungua Zaburi ya 13 uone: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ni mpaka lini, mpaka milele. Kwa hiyo "hata sasa" ya Samweli ni mpaka sasa. Na Kiebrania chake kinabeba mahali na wakati pamoja: mpaka hapa tulipofika, mpaka saa hii. Mtu anayesema hivyo yuko katikati ya safari. Hajasema yameisha, wala hajasema kesho itakuwaje. Ameangalia nyuma tu, akahesabu, akaona kwamba asingefika hapo peke yake.

Ndiyo maana sipendi sana Ebenezeri inapogeuzwa kuwa tangazo la ushindi. Mtu amemaliza ghorofa, amebandika Ebenezeri getini kwa chuma cha kuchomelea, na ukimsikiliza anavyosimulia ujenzi ule, Bwana anatajwa mara moja mwanzoni kama mgeni rasmi, kisha hadithi yote ni mimi, mimi, mimi. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 ilishamwona mtu huyu zamani sana. Inawaonya watu wanaokaribia kuingia nchi nzuri, watakaojenga nyumba nzuri na kula na kushiba, wasije wakasema mioyoni mwao kwamba nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu. Angalia kwamba onyo lile halikutolewa wakati wa njaa jangwani. Limetolewa kwa ajili ya siku za shibe. Mwenye njaa huwa hasahau aliyempa chakula jana. Anayesahau ni aliyeshiba mwaka wa kumi mfululizo.

Kuna jambo jingine kuhusu jiwe hili ambalo mimi lilinishangaza nikiwa mtu mzima, ingawa lilikuwa kwenye Biblia yangu siku zote. Jina Ebenezeri halijitokezi kwanza katika sura ya 7. Limetajwa sura ya 4, na huko ni habari ya msiba. Waisraeli wamepiga kambi karibu na Ebenezeri, Wafilisti wako Afeki. Siku ya kwanza wanakufa watu kama 4,000. Wanalileta sanduku la agano vitani wakidhani litawaokoa, wanakufa 30,000, na sanduku lenyewe linatekwa. Mzee Eli, kuhani mwenye miaka 98, anaposikia habari ya sanduku anaanguka kutoka kitini anavunjika shingo. Mkwewe anajifungua siku hiyohiyo na kumwita mtoto Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Miaka zaidi ya 20 baadaye Samweli anasimamisha jiwe la shukrani, na analipa jina lilelile ambalo masikioni mwa wazee waliokuwapo lilikuwa jina la kushindwa. Wataalamu wanajadiliana kama ni mahali pamoja au ni sehemu mbili. Kwangu mimi jina tu linatosha. Ni kama mtu afungue duka tena, alipe jina la duka lililofilisika, na aseme hapo ndipo Mungu aliponishika. Shukrani ya namna hiyo haifichi kipindi kibaya. Inakihesabu ndani ya "mpaka hapa".

Na kwa nini jiwe? Samweli angeweza kuomba tu, watu wakaitikia amina, wakatawanyika. Jibu mojawapo liko katika Yoshua sura ya 4, watu wanapovuka Yordani na kutwaa mawe 12 kutoka katikati ya mto, wayasimamishe Gilgali. Sababu inatajwa waziwazi: siku zijazo watoto watauliza, mawe haya maana yake nini? Jiwe limewekwa ili liulizwe. Mtu mzima anapita hapo kila siku bila kulitazama, mtoto ndiye anayesimama na kuuliza, na mzazi analazimika kusimulia.

Sisi Wachagga hatukufundishwa jambo hili na wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Machame mwaka 1893. Tulikuwa na masale, ule mmea wa majani marefu. Isale hupandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, hupandwa kaburini, na jani lake lililofungwa fundo hupelekwa kwa uliyemkosea ili kuomba amani. Ukiliona isale limesimama peke yake katikati ya migomba unajua pana neno hapo, mtu amelala au watu walipatana. Sisemi isale ni Ebenezeri. Nasema tu kwamba mtu wa huku hahitaji kuelezwa sana kwa nini kitu kisichosema kinasimamishwa ili watu waseme.

Katika sharika zetu Ebenezeri inaonekana vizuri zaidi siku ya mavuno, ingawa siku hiyo hakuna anayelitaja neno lenyewe. Mkungu wa ndizi za mshare umeegemezwa madhabahuni, mahindi ya kuchoma, debe la maharage, kuku wamefungwa miguu wanapiga kelele katikati ya sala. Baada ya ibada kila kitu kinatolewa nje kwenye mnada. Mwaka mmoja bibi mmoja alileta yai moja, amelifunga kwenye ncha ya kitenge. Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akalinyanyua juu kwa vidole vitatu. "Yai la bibi, elfu moja! Nani anaongeza?" Likauzwa elfu tatu. Aliyenunua akasema, "Nalirudisha mezani." Likanadiwa tena, elfu tano. Likarudishwa. Mara ya nne likafika elfu kumi na mbili, na kijana aliyelipata akaenda nalo moja kwa moja kwa yule bibi, akainama: "Shikamoo bibi, pokea yai lako." Bibi akalifunga tena kwenye kitenge, akaenda nalo nyumbani kulipika.

Wageni huwa wanauliza kwa nini tusitoe hela moja kwa moja tukaacha mchezo ule wa kuku. Hela zinatolewa pia, kwenye bahasha za shukrani, kila wiki. Lakini bahasha haikuonyeshi mvua ilinyesha upande gani. Ukiona mikungu mitatu tu mahali ambapo mwaka uliopita palikuwa na kumi na mitano, usharika mzima unajua mpaka hapa tumefikaje. Wakatoliki wanaweza kuongeza kwamba neno Ekaristi lenyewe, kwa Kigiriki, ni shukrani, na kwamba meza ile ilianza kwa maneno "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu". Kushukuru na kukumbuka vimekaa meza moja tangu mwanzo.

Jiwe peke yake halitoshi, hilo pia Biblia inakiri. Sura ya 8, inayofuata tu baada ya jiwe, wazee wa Israeli wanamwendea Samweli wakidai mfalme kama mataifa mengine, na wana wa Samweli mwenyewe wanakula rushwa. Jiwe lilikuwa bado limesimama.

Mama yangu hakuwa na jiwe. Alikuwa na daftari la mistari lenye jalada la bluu, alilolihifadhi chini ya godoro pamoja na stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika. Nililisoma baada ya mazishi. Hakuandika sala. Aliandika tarehe na vitu: kilo za kahawa alizopeleka, malipo ya kwanza, malipo ya pili yalipochelewa, mahindi debe mbili kutoka kwa shangazi, ada ya kaka imepatikana, mwalimu amekubali nusu. Mwaka ambao chulebuni, ule ugonjwa wa buni, iliharibu kahawa yote ya kihamba cha juu ameandika "kahawa hakuna", na chini yake "maziwa ya ng'ombe yameuzwa, sukari tumepata". Mwisho wa kila mwezi, hata ule wa kahawa hakuna, maneno mawili: hata sasa.

Kurasa zake ziliishia katikati ya daftari. Nimeanza kuandika kuanzia hapo. Wiki ya kwanza nilikaa na kalamu nusu saa nikakumbuka mambo mawili tu, na moja lilikuwa mtungi wa gesi alionijazia mdogo wangu, ambao sikuwa nimemwambia asante.