Simu ya mezani ya zamani inapovuja: dhana potofu na ukweli

Simu za kale za Bakelite, zile nyeusi nzito za kuzungusha namba, zimerudi kupendwa. Wengine huziweka sebuleni kama pambo, wengine huzifufua ziite tena. Anayefungua simu ya namna hiyo huweza kukuta kitu kimetiririka ndani: mafuta ya kunata, nta ya kahawia, au ukoko kwenye nyaya. Hapo ndipo ushauri mbovu huanza kumiminika. Wapo wanaotisha watu bure na wapo wanaopuuza. Mimi wanaonipa wasiwasi zaidi ni wanaopuuza.

Dhana: "Hayo ni mafuta ya mashine tu. Pangusa, endelea na kazi."

Simu haina gia za kuoga mafuta. Kimiminika kinachonata kikitoka ndani yake, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kile kikopo cha bati kinachozuia umeme wa moja kwa moja usipite kwenye kengele na kuruhusu ule wa kuita. Kapasita za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na karatasi ya chuma zilizoviringishwa pamoja, kisha zikaloweshwa nta au mafuta. Tangu mwaka 1929, viwanda vilianza kutengeneza kwa wingi kemikali ziitwazo polikloribifenili, kwa kifupi PCB, na watengenezaji wa kapasita walizipenda kwa sababu hazishiki moto kirahisi wala haziharibiki. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979.

Si kila kapasita ya simu ilitiwa PCB. Lakini kwa macho huwezi kutofautisha mafuta yenye PCB na yasiyo nayo. Maabara ndiyo huamua. Kwa hiyo kapasita ya mafuta iliyotengenezwa kabla ya 1980 na sasa inavuja, ihesabu kuwa ina PCB mpaka ithibitike vinginevyo. Usiitoboe uone kilichomo. Ivue nzima, iweke kwenye mfuko wa plastiki mzito ndani ya mfuko wa pili, na uandike juu yake ni nini. Mahali pake funga kapasita mpya ya plastiki yenye mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake, kilichoandikwa juu yake) zilezile na inayostahimili volti 250 au zaidi. Simu itaita vilevile.

Dhana: "Nimeyashika miaka yote na sijaumwa."

Nayaelewa maneno haya, maana fundi huamini mikono yake. Ila PCB haifanyi kazi kama tindikali. Haikuunguzi papo hapo. Hupenya ngozi, hukaa kwenye mafuta ya mwili na kujilimbikiza kwa miaka. Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, PCB zilivuja kutoka kwenye mabomba ya kiwanda na kuingia kwenye mafuta ya kupikia ya pumba za mchele. Zaidi ya watu 1,000 waliathirika: vipele vikali, ngozi kubadilika rangi, na watoto kuzaliwa na ngozi iliyopiga weusi. Wale walikula, nawe umegusa tu, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini mkono uliogusa mafuta ndio unaoshika chapati.

Vaa glavu za nitrili, maana zile nyembamba za mpira wa asili huzuia kwa shida. Futa kwa karatasi za kutupa, kisha kwa spiriti, kwa sababu maji matupu hayayeyushi PCB. Karatasi na glavu ziende kwenye mfuko uleule. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi.

Dhana: "Ichome, iishe."

Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Moto wa jalalani hauna joto la kutosha kuivunja PCB. Badala yake huzalisha furani na dioksini, ambazo ni sumu kali zaidi, na moshi huo huvutwa na jirani. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Stockholm unaodhibiti taka hizi. Ulizia mamlaka ya mazingira ya nchi yako namna ya kuzikabidhi.

Dhana: "Kama ni nta, basi ni salama."

Mara nyingi ni kweli. Nta ya kawaida au lami ya kuzibia huyeyuka simu ikikaa juani, na ukiiona hakuna haja ya kukimbia. Lakini kati ya miaka ya 1930 na 1940 baadhi ya kapasita na nyaya zilipakwa nta ya naftalini yenye klorini. Wafanyakazi wa viwandani waliovuta mvuke wake walitokwa na chunusi kali, na wengine walikufa kwa ugonjwa wa ini. Kwa hiyo usiipashe moto nta ya zamani ili kuisafisha. Ikwangue ikiwa baridi.

Dhana: "Ukoko wa betri ni asidi, mwagia magadi."

Inategemea betri. Simu za kale zaidi, zile za kuzungusha mpini kwa mkono, zilitumia betri kubwa za zinki na kaboni. Uvujaji wake una asidi kiasi, na magadi yaliyoyeyushwa huutuliza. Ila kama mtu aliweka betri za alkalini baadaye, kilichovuja ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na hapo tumia siki kidogo. Kinga macho katika hali zote mbili.

Dhana: "Simu inayong'aa gizani itakuua."

Trimphone, simu ya mezani ya Uingereza ya miaka ya 1960, ilikuwa na mrija wa kioo wenye tritiamu, gesi yenye mionzi, nyuma ya namba. Mionzi yake haipenyi kioo, na nusu ya tritiamu huisha kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo iliyobaki leo ni kidogo. Mrija ukivunjika, fungua madirisha na utoke chumbani kwa muda. Ukiwa mzima, uache ulipo.